Ngano ya Mirofora

Ngano ya arobaini haikai. Siku ya kwanza tamu, ya pili inavumilika, ya tatu inanuka togwa. Ilichemshwa Jumamosi, padri akaisomea sala ya marehemu Jumapili, na sasa ilikuwa Jumatatu alfajiri, basi la wastaafu likinguruma mbele ya kanisa la mtaa huko Lemeso. Yasumis alipanda amelipakata bakuli lililofungwa kitambaa cheupe, akatafuta kiti cha nyuma, akakaa.

Miguu ilimuuma, mgongo ulimuuma. Alikuwa amechoka tangu mkewe alipolazwa, na kitanda hakikumwondolea uchovu huo. Alilala nao, akaamka nao.

"Kumbe umekuja!" Evanthia alisema, akipita kati ya viti na kugusa kila bega kama mtu anayehesabu kuku wake. "Nilidhani utaniachia kiti kitupu."

"Nimekuja."

Evanthia ndiye aliyekuwa akiandaa safari hizo. Asubuhi Lefkosia, kutembea mji wa kale ndani ya kuta. Kisha kuvuka kwa miguu upande wa Waturuki, kunywa kahawa, halafu basi jingine juu ya milima mpaka Kerinia, kuona bandari na ngome. Jioni nyumbani. Kila mwaka aliwagongea mlango Yasumis na mkewe, na kila mwaka mke huyo, Mirofora, alimjibu mlangoni, hakumkaribisha hata ndani.

"Nioneshe kitambulisho ndipo niingie kwetu? Kwani mimi mgeni?"

Maana Mirofora alikuwa wa Kerinia. Baba yake alimjengea nyumba kabla hajaposwa, kama ilivyo kawaida, mume ndiye anayehamia kwa mke. Yasumis alihamia na upinde wake wa kupigia pamba begani, alikuwa fundi wa mafarishi, yale matandiko mazito ya pamba, na farishi la harusi alilishona mwenyewe. Walikaa mle miaka miwili. Vita vya sabini na nne vikaja, kisiwa kikagawanyika, wakatoka na nguo za mwilini, wakaishia Lemeso. Vivuko vya mpakani vilipofunguliwa baada ya miaka mingi, majirani walikwenda kuona nyumba zao, wakarudi na macho mekundu. Mirofora hakwenda. Wenzake walimsihi, wakamcheka, wakamwacha.

Alipokuwa hospitali, adhuhuri moja dawa zilimpa nafuu kidogo, akafumbua macho.

"Ngano yangu ya arobaini iliwe nyumbani."

"Italiwa kanisani," Yasumis alisema.

"Kanisani sawa. Na nyumbani pia. Mtu wa pale aile, aseme Mungu amsamehe Mirofora. Basi."

"Nitaipeleka."

Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Yasumis hakuwa mtu wa kusema mara mbili, naye Mirofora hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Arobaini ilipokaribia, Yasumis aliichemsha mwenyewe. Sufuria ya kwanza iliungua, Evanthia akamsimamia ya pili, akamwonesha namna ya kuichuja na kuitandaza juu ya shuka ikauke, kisha kuichanganya na ufuta, lozi, zabibu na punje za komamanga. Kanisani Jumapili watu walipokea vifuko vyao, kila mmoja akasema Mungu amsamehe. Yasumis naye alitia kijiko mdomoni. Haikushuka. Alitafuna, akatafuna, mwisho akaitema kwenye leso yake, akaikunja na kuitia mfukoni.

Na ndevu bado alikuwa nazo. Mtu akifiwa na mkewe hanyoi mpaka arobaini iishe. Ilikwisha jana, kinyozi akamfungulia mlango akamwita kwa jina, lakini Yasumis alipita. Kwa hesabu yake yeye haijaisha.

Pieris akaja kukaa karibu naye. Alikuwa mshona viatu mstaafu, jirani wa ukuta mmoja, na mdomo wake haukujua likizo.

"Umejifungia chakula kabisa! Huna imani na mkahawa wa Evanthia?"

"Ni ngano."

Pieris alilitazama bakuli. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi usiikumbatie hivyo," alisema. "Joto la mwili litaichachusha."

Lefkosia walishuka langoni mwa kuta, wakaanza kutembea. Evanthia alitangulia na mwavuli juu kama bendera. Hili kanisa, hili bafu la zamani, huu mti. Yasumis aliangalia visigino vya mtu aliyekuwa mbele yake. Mtaa mmoja waliouingia uliishia ghafla kwenye mapipa yaliyojazwa zege, ndio mpaka, na juu ya mapipa paka amelala, mkia wake ukining'inia upande huu, kichwa kiko upande ule.

"Huyo ndiye mwenye akili kisiwa hiki," Pieris alisema. "Hajaulizwa kitambulisho hata na mbwa."

Watu walicheka. Yasumis aliliegemeza bakuli ukutani apumzishe mikono.

Kivukoni palikuwa na foleni. Watalii wa Ulaya na vikapu vyao, wanafunzi, wanawake waliotoka kununua. Walipita kwa polisi wa upande wa kwao, wakapita kipande kile cha katikati kisicho cha mtu, nyumba zake zimefumba madirisha, wakafika kwenye kibanda cha pili. Evanthia alipita. Pieris alipita. Zamu ya Yasumis ikafika, akatoa kitambulisho, akakishika. Mkono haukwenda dirishani.

Mwanamke wa dirishani alingoja. Foleni ikaanza kusogezana.

"Mzee, vipi?" mtu wa nyuma alisema. "Umesahau jina lako?"

 Yasumis alikuwa akimwona Mirofora mlangoni mwa Lemeso, mikono kiunoni. Kwani mimi mgeni?

Pieris alirudi nyuma mpaka kwenye kizuizi, akainamisha kichwa.

"Bwana wee. Mkeo keshapita."

"Nini?"

"Amepita sasa hivi. Hakuonesha kitu. Umemwona mtu aliyemuuliza?"

Yasumis alimtazama. Kisha akakisukuma kitambulisho dirishani.

Baada ya hapo kulikuwa na polisi mmoja kijana wa forodha, anakagua mifuko. Aligonga bakuli kwa kidole, akaashiria kitambaa kifunguliwe. Alipoona ngano na komamanga uso wake ukakunjuka, akacheka kwa meno yote, akasema maneno ya Kituruki ya furaha na kumpiga Yasumis begani taratibu. Akamwachia apite.

"Kafurahia nini?" Yasumis aliuliza.

"Nani ajue," Pieris alisema. "Labda ana njaa."

Yasumis alilifunga bakuli lake. Mtu anacheka ngano ya maiti, alisema moyoni, kweli dunia hii si ya kwetu tena.

Walikunywa kahawa kwenye nyumba ya kale ya wasafiri, yenye uwanja katikati na ngazi za mawe. Kahawa ilikuwa ileile ya kwao, kijungu kilekile, na mwenye mkahawa na Pieris wakabishana kwa utani ni ya nani. Evanthia alinunua shuka za meza, akalia bei, akanunua tena. Yasumis alilinusa bakuli kupitia kitambaa. Harufu ilikuwa imebadilika. Kidogo tu, lakini ilikuwa imebadilika.

Basi la pili lilipanda milima. Juu kabisa, barabara ilipogeuka, bahari ikatokea chini yote kwa mara moja, na wazee wote wakasema "Aah!" kama watoto. Kuna waliosimama. Kuna aliyeanza kulia kimyakimya, na mwenzake akampa pipi. Yasumis hakusimama. Alijua ilipo.

Bandarini Evanthia alipandisha mwavuli.

"Ngome iko kule, choo kiko pale. Jua likishuka nyuma ya mnara ule tunaondoka. Nikihesabu kichwa kimepungua, naondoka hivyohivyo!"

"Nikupeleke?" Pieris aliuliza.

"Hapana."

"Basi mimi nitamshikilia Evanthia. Nitamchumbia ikibidi."

Yasumis alipanda mtaa wa juu. Kulikuwa na hoteli palipokuwa na bustani ya michungwa, na duka la kucheza kamari palipokuwa na kinu. Alisimama kupumua mara nyingi. Kanisa lilikuwepo, halina kengele. Baada ya kanisa, kushoto. Miguu ilikumbuka kabla ya kichwa, ikamfikisha, ikamsimamisha.

Mlango ulikuwa uleule, wenye tao la mawe. Umepakwa rangi ya bluu. Pembeni wameweka mashine ya kupoza hewa, inadondosha maji. Yasumis alifikiri aliweke bakuli kizingitini aondoke. Lakini paka wangelila, si mtu wa pale. Akabaki amesimama.

Sauti ya mwanamke ilitoka dirishani, kwa Kituruki. Kisha ikabadili, ikasema kwa Kigiriki cha Pafo, kile cha zamani cha vijijini.

"Kaka, unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Wanaokuja hapa hakuna anayemtafuta mtu. Wanatafuta mlango. Ni huu?"

"Ni wa mke wangu."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo yake, kitambaa kichwani, mikono ina unga.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hakuja."

"Miguu?"

Yasumis alilitazama bakuli lake. Mwanamke akachukua kuwa ni miguu.

"Yangu pia. Mimi Feriha. Ingia, usisimame kama mdai. Nyumba yangu mimi iko kule kwenu, Pafo, vita vilitutoa. Nilikwenda kuiona. Wamefuga mbuzi chumbani kwa mama yangu, na mbuzi wenyewe wakanitazama kana kwamba mimi ndiye mwizi."

Alimwingiza jikoni. Jiko lilikuwa na dirisha lilelile, linatazama bahari. Jiwe la kukandia lilikuwa palepale chini ya dirisha, limechakaa katikati. Yasumis alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona.

"Umebeba nini hicho?"

Akamnyoshea bakuli. Maneno aliyapanga njia nzima, lakini Feriha alikuwa ameshafungua kitambaa, na akapiga makofi unga ukaruka.

"Golifa! Ngano ya jino! Ee, mashallah! Nani kaota jino?"

"Ni…"

"Mjukuu? Wa kwanza?" Hakungoja. Alitoa kichwa dirishani akapiga kelele kwa Kituruki, na humohumo akamtafsiria: "Namwita Gonul, jirani. Aje na vijiko! Ngano ya jino hailiwi na mtu mmoja, mtoto atakuwa bahili."

Ndipo Yasumis alipomkumbuka yule polisi na kicheko chake. Huku ngano ile ilikuwa ya mtoto. Jino la kwanza likitokeza, majirani wote wanaitwa. Ngano ni ileile, ufuta uleule, komamanga lilelile.

Gonul aliingia kwa vishindo na binti mwenzake, wote wawili bado na vibanio vya nguo kwenye kola zao. Walimbusu Yasumis mkono, wakamwita ami, wakachota. Gonul alisema neno, Feriha akatafsiri.

"Anasema meno yake yawe kama lulu na asimng'ate mama."

"Anauliza mtoto ni wa kike au wa kiume?"

"Anasema tamu. Ina ukali kidogo, lakini tamu. Mke wako kaipika?"

Bakuli lilikuwa linashuka. Yasumis alitazama vijiko. Ngano ilikuwa inaliwa nyumbani, na watu wa pale, kama alivyotaka Mirofora. Lakini maneno hayakuwa yenyewe. Walikuwa wanamwombea mtoto asiyekuwepo. Wakimaliza hivyo, Mirofora angebaki bila kitu, na yeye angekuwa amebeba bakuli lile bure, amepita dirishani bure. Alikuwa amechoka kiasi kwamba ilikuwa rahisi kunyamaza. Wanawake wale walikuwa na furaha. Kwa nini awaharibie?

Gonul aliingiza kijiko kwa mara nyingine.

"Ngojeni," Yasumis alisema.

Feriha aligeuka.

"Hakuna jino."

"Vipi hakuna?"

"Hakuna mtoto."

Feriha alimtazama. Alimtazama kweli sasa, si kama mgeni. Aliona shati jeusi. Aliona ndevu, nyeupe, zisizochongwa, zimemea kila upande. Mkono wake wenye unga ukaenda mdomoni.

"Ndevu," alisema. "Mungu nipofushe. Kijijini kwetu tulikuwa nusu kwa nusu, sisi na ninyi. Wenzenu wakifuga ndevu hatukuwauliza, tulipeleka mkate. Nilijua hili. Nilikuwa nalijua."

Akawaambia wale wawili kwa lugha yao.  Gonul alibaki na shavu limejaa, macho yamemtoka, hatafuni wala hamezi. Alitazama sinki.

"Thubutu uteme," Feriha alimwambia, na bila tafsiri Yasumis alielewa. "Meza."

Gonul akameza.

"Tumeila kwa vicheko," Feriha alisema. "Utusamehe, kaka. Tumekutia aibu."

"Hamkujua."

"Alisema nini? Alitaka nini?"

"Iliwe hapa. Mtu aseme."

"Tuseme nini?"

"Mungu amsamehe Mirofora."

"Mirofora," Feriha alisema polepole, kama anayeonja. "Basi ndilo jina lake. Miaka yote hii naishi na mtu simjui jina." Akakaa mkabala naye. "Kulikuwa na farishi. Tulipoletwa hapa tulilikuta kitandani. Jekundu, limeshonwa jua katikati."

Yasumis aliinua macho.

"Nililitumia," Feriha alisema. "Sikuwa na jingine. Watoto wote nimewalaza ndani yake. Pamba ikagandamana, nikatafuta fundi wa kuipiga upya, hayupo. Likaisha. Sina hata kipande cha kukupa."

"Pamba ilikuwa nzuri," Yasumis alisema.

"Ilikuwa nzuri sana."

"Niliipiga mara mbili."

Feriha alitikisa kichwa.  Alifuta mikono, akachota kijiko, akakishika mbele yake, na kwa Kigiriki cha Pafo akasema, "Mungu amsamehe Mirofora." Akala. Gonul alisema kwa lugha yake, jina likatoka vibaya, akalirudia mpaka likakaa sawa, akala. Yule mwingine naye. Hakuna aliyeharakisha.

Feriha akachota tena, akamnyoshea Yasumis.

"Na wewe."

"Mimi haishuki."

"Hapa itashuka. Kula."

Alitia mdomoni. Akatafuna. Ilikuwa imeanza kuchacha, komamanga lake limelainika. Alitazama lile jiwe la kukandia. Ikashuka.

"Imechacha," alisema.

"Kidogo," Feriha alisema. "Tumekula mabaya zaidi."

Waliimaliza. Feriha aliosha bakuli, akafuta, kisha akafungua gunia lililokuwa pembeni ya mlango na kutia vibaba viwili vya ngano mbichi, akafunga kile kitambaa cheupe.

"Bakuli halirudi tupu. Hiyo ni ya mwakani. Mwaka ukifika si mnapika tena? Uilete. Ila safari ijayo, kaka, anza kusema ukiwa mlangoni."

"Nitasema."

"Nenda, utaachwa. Mteremko ushike ukuta."

Jua lilikuwa limefika nyuma ya mnara. Basi lilikuwa linanguruma, na Pieris amesimama mguu mmoja ndani, mmoja nje, anamsimulia dereva hadithi isiyo na mwisho, dereva hajui hata neno moja la Kigiriki. Evanthia alikuwa mwekundu.

"Dakika moja zaidi ningekuacha! Ngome umeiona?"

"Sikuiona."

"Na bahari?"

"Ipo."

Akapita nyuma, akakaa. Pieris akajibanza karibu, akatupia jicho bakuli, akalipima kwa kulinyanyua.

"Hawakula?"

"Walikula."

"Mbona zito?"

"Ni ya mwakani."

Pieris alifungua mdomo, akaufunga. Lilikuwa jambo la kuandikwa. Basi lilipanda milima, bahari ikabaki nyuma, na safari hii hakuna aliyesimama. Kivukoni Yasumis alionesha kitambulisho, mkono haukukawia. Waliposhika barabara ya Lemeso wengi walikuwa wamesinzia, vichwa vinagongana na vioo.

Yasumis alikuna kidevu. Ndevu zilikuwa zinawasha. Hakuwa ameona zinawasha kabla ya hapo.

"Pieris."

"Naam."

"Kinyozi kesho anafungua mapema?"

"Anafungua mapema. Nikupitie?"

 Pieris aliinama kumtazama. Yasumis alikuwa amelala, mikono yote miwili juu ya bakuli, mdomo wazi, anakoroma kama mtu aliyetoka shamba.